Goti la Torres na pauni milioni 50 za Chelsea

Tarehe 31 Januari 2011, siku ya mwisho ya dirisha dogo la usajili nchini Uingereza, klabu ya Chelsea iliilipa Liverpool pauni milioni 50 ili kumchukua mshambuliaji wa Kihispania Fernando Torres, na ikampa mkataba wa miaka mitano na nusu. Hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kutoa fedha nyingi kiasi hicho kwa mchezaji mmoja, kwani rekodi ya awali ilikuwa pauni milioni 32.5 ambazo Manchester City ilizitoa mwaka 2008 kumpata Robinho. Torres alikuwa na umri wa miaka 26. Akiwa Liverpool alikuwa amefunga mabao 65 katika michezo 102 ya Ligi Kuu. Akiwa Chelsea, hadi alipoondoka Agosti 2014, alifunga mabao 20 katika michezo 110 ya ligi hiyo hiyo.

Takwimu hizo mbili ndizo zilizomhukumu. Kwa mashabiki wa Afrika Mashariki, ambao katika miaka hiyo walijaza vibanda umiza kila mwisho wa wiki kuitazama Ligi Kuu ya Uingereza, mjadala wake haujafungwa hadi leo. Wapo wanaosema jezi namba 9 ya Chelsea ilikuwa na mkosi, wapo wanaosema aliishiwa moyo baada ya kuwaacha watu wa Anfield, uwanja wa Liverpool, waliompenda, na wapo wanaosema fedha zilimmaliza. Hoja yangu ni kwamba majibu hayo yote yanaanza kuhesabu siku isiyo yake. Mchezaji huyu alikuwa amekwisha kubadilika kabla ya kuuzwa, na mabadiliko hayo yalitoka katika mwili wake. Uhamisho uliyaanika hadharani, kisha Chelsea ikamweka katika mfumo ambao haukuwa na kazi kwa kile kilichokuwa kimebaki.

Ili kuona hivyo ni lazima kuanza na aina ya mshambuliaji aliyekuwa. Torres alizaliwa Machi 1984 huko Fuenlabrada, mji ulio kusini mwa Madrid, akakulia katika timu za vijana za Atlético Madrid, na akaingia kikosi cha wakubwa Mei 2001 akiwa na umri wa miaka 17, wakati klabu hiyo ikiwa daraja la pili. Alipofikisha miaka 19 alikuwa nahodha. Alipoondoka kwenda Liverpool katikati ya mwaka 2007, akiwa na miaka 23, miguu yake ilikuwa imekwisha kucheza michezo 244 ya Atlético, mbali na ile ya timu ya taifa. Hilo ni jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami naona halistahili kupitwa. Kijana aliyekuwa akibeba klabu kubwa tangu kabla hajamaliza kukua alifika Uingereza akiwa na umri mdogo lakini tayari akiwa na mzigo wa mchezaji mkongwe.

Msimu wake wa kwanza Liverpool, wa 2007/08, alifunga mabao 24 ya ligi katika michezo 33, na hakuna mgeni aliyekuwa amefunga mabao mengi kiasi hicho katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Namna alivyoyafunga ndiyo iliyo muhimu zaidi kwa kisa hiki. Kocha Rafael Benítez alimweka peke yake mbele, Steven Gerrard akiwa nyuma yake kidogo, na Xabi Alonso akiwa katikati akipiga pasi ndefu zinazotua nyuma ya mabeki. Torres hakuwa mtu wa kusimama na kupokea mpira akiwa ameupa mgongo lango. Alikaa ubavuni mwa beki wa kati, akasubiri mpira uachiwe, kisha akashinda mbio.

Bao alilofunga Old Trafford, uwanja wa Manchester United, tarehe 14 Machi 2009, siku Liverpool ilipoifunga Manchester United mabao 4-1, linaonyesha yote hayo kwa sekunde chache. Mpira mrefu ulidunda mbele ya Nemanja Vidić, beki aliyekuwa akiogopwa kuliko wote nchini humo. Vidić alisita akitaka kuusubiri, na katika kusita huko Torres akawa amekwisha kumpita, akauchukua mpira na kumalizia mbele ya Edwin van der Sar. Ukilitazama tena bao hilo utaona kwamba hakukuwa na chenga yoyote. Kulikuwa na hatua mbili za kwanza zilizokuwa kali kuliko za beki, na uhakika wa mtu anayejua kwamba akikimbilia mpira atafika kwanza. Thamani yote ya Torres ilikuwa katika hatua hizo mbili.

Sasa tutazame mwili huo ulipitia nini. Juni 2008 alikuwa Austria na Uswisi kwenye Kombe la Mataifa ya Ulaya, na ndiye aliyefunga bao pekee la fainali dhidi ya Ujerumani jijini Vienna, baada ya kumshinda mbio Philipp Lahm na kuunyanyua mpira juu ya kipa Jens Lehmann. Msimu uliofuata misuli ya nyuma ya paja ilimsumbua mara kwa mara, hata akacheza michezo 24 tu ya ligi kati ya 38. Juni 2009, wakati wachezaji wengi wa Ulaya walikuwa likizo, yeye alikuwa Afrika Kusini kwenye Kombe la Mabara. Januari 2010 gegedu la goti lake la kulia lilichanika na akafanyiwa upasuaji. Alirudi uwanjani, akafunga, akaumia tena, na Aprili mwaka huo huo goti lile lile likapasuliwa kwa mara ya pili. Miezi miwili baadaye alikuwa tena Afrika Kusini, safari hii kwenye Kombe la Dunia. Hispania ilitwaa kombe hilo, lakini Torres hakufunga bao hata moja. Kwenye nusu fainali dhidi ya Ujerumani kocha Vicente del Bosque alimwanzisha Pedro badala yake, na kwenye fainali aliingia dakika za nyongeza akamaliza akiwa amejishika kinena kwa maumivu.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayomrusha mkimbiaji na ndiyo inayomfungia breki. Ikishachanika mara kadhaa, mchezaji hupona na kucheza, lakini kasi ile ya mwisho kabisa mara nyingi hairudi yote, na hata ikirudi yeye mwenyewe huichelea. Goti lililopasuliwa mara mbili ndani ya miezi minne humwongezea hofu hiyo kila anapogeuka. Kiungo mpiga pasi anaweza kupoteza sehemu ndogo ya kasi yake na mashabiki wasitambue kwa miaka mingi. Mshambuliaji aliyejengwa juu ya hatua mbili za kwanza akipoteza nusu hatua huwa amepoteza kazi yake nzima, kwa sababu mpira aliokuwa akiufikia kabla ya beki sasa anaufikia pamoja naye.

Jambo lililowadanganya wengi ni kwamba mabao hayakukatika mara moja. Katika msimu wa 2009/10, msimu wa upasuaji mara mbili, alifunga mabao 18 ya ligi katika michezo 22. Mtu aliyetazama karatasi ya mabao peke yake angesema huyu ndiye mshambuliaji bora duniani anayehitaji tu kupumzika. Lakini msimu uliofuata, kabla ya kuuzwa, alikuwa na mabao 9 katika michezo 23 ya ligi. Wastani wake ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya nusu akiwa bado ndani ya jezi nyekundu, mbele ya mashabiki waliokuwa wakimwimbia. Huo ndio ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote katika kisa hiki, na inashangaza jinsi unavyotajwa mara chache.

Ni haki kusema kwamba Liverpool yenyewe ilikuwa imeyumba. Alonso alikwenda Real Madrid mwaka 2009, Javier Mascherano akaenda Barcelona Agosti 2010, Benítez akaondoka Juni 2010, na nafasi yake ikachukuliwa na Roy Hodgson, ambaye hakumaliza hata msimu. Wamiliki wa Kimarekani, Tom Hicks na George Gillett, waliielemeza klabu kwa madeni hadi ikauzwa Oktoba 2010 baada ya kesi mahakamani. Mshambuliaji anayeishi kwa pasi za nyuma ya mabeki alikuwa amepokonywa mpigaji wa pasi hizo. Kwa hiyo mtu mwaminifu hawezi kuutupia mwili lawama yote ya miezi ile. Lakini pia hawezi kudai kwamba aliyeuzwa Januari 2011 alikuwa yule yule wa mwaka 2008.

Kwa nini basi Chelsea ilitoa fedha zile? Sehemu ya jibu iko tarehe 7 Novemba 2010. Siku hiyo Liverpool iliifunga Chelsea 2-0 pale Anfield, na mabao yote mawili yalikuwa ya Torres, la pili akilikunja kwa ustadi hadi kona ya mbali. Si mara ya kwanza kwa Chelsea kuumizwa naye. Wakati huo huo mshambuliaji wa Chelsea Didier Drogba, aliyekuwa na miaka 32, alikuwa amepungukiwa nguvu baada ya kugundulika kuwa na malaria, na mabingwa watetezi walikuwa wakiporomoka kwenye msimamo. Mmiliki Roman Abramovich alitaka jina kubwa. Siku ile ile ya usajili klabu ilitangaza hasara ya pauni milioni 70.9 kwa mwaka wa fedha uliokuwa umekwisha, na bado ikamnunua pia beki David Luiz kutoka Benfica. Liverpool kwa upande wake iliwaleta Luis Suárez kutoka Ajax na Andy Carroll kutoka Newcastle. Usajili wa ukubwa huo ulikamilishwa saa za mwisho za dirisha, na bei iliyolipwa ilikuwa bei ya msimu wa 2007/08.

Alianza kuichezea Chelsea tarehe 6 Februari 2011, dhidi ya Liverpool yenyewe, akatolewa kipindi cha pili na timu yake ikafungwa 1-0. Kisha zikapita wiki baada ya wiki bila bao, hadi tarehe 23 Aprili dhidi ya West Ham, mvua ikiwa imenyesha kwa nguvu pale Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea. Nicolas Anelka alimpasia mpira ambao ulikuwa unamkimbia, ukaingia kwenye dimbwi la maji na kukwama, akageuka na kuupiga kwa mguu wa kushoto hadi wavuni. Wachezaji wenzake walimrundikia kwa furaha kama vile wameshinda kombe. Hilo ndilo lililokuwa bao lake pekee la ligi katika nusu msimu ule.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la 18 Septemba 2011, tena Old Trafford. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Torres alifunga bao safi, akiuinua mpira juu ya David de Gea, kipa wa Manchester United. Dakika za mwisho Ramires alimpenyezea pasi, akamhadaa De Gea na kumpita, akabaki na lango tupu, akapiga kwa kushoto na mpira ukatoka nje. Picha ya kukosa huko ilizunguka dunia nzima, na bao lenyewe likasahaulika usiku ule ule. Mimi naliona tukio hilo kuwa ni la kusikitisha sana, kwa sababu kila kitu kilichotangulia kilikuwa sahihi: mbio zilikuwa za wakati wake, chenga ilikuwa tulivu, na mahali alipokuwa ndipo alipopaswa kuwa. Siku sita baadaye alifunga tena dhidi ya Swansea, kisha dakika kumi hazijaisha akaonyeshwa kadi nyekundu kwa rafu. Mchezaji aliyekuwa akianza kupanda alifungiwa michezo mitatu, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Machi 2012 hakufunga bao lolote.

Sipuuzi upande wa akili. Bei ile ilimfuata kila alipogusa mpira, na baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya jijini Munich mwaka 2012 yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba alikuwa amepitia msimu mgumu kuliko yote na hakufurahishwa na jinsi alivyotendewa. Lakini naamini akili ilifuata mwili. Mtu aliyezoea kwa miaka kumi kufika kwanza, akianza kufika wa pili, huacha kuondoka mapema, huomba mpira miguuni, hurudi nyuma kuutafuta, na kidogo kidogo hugeuka mchezaji mwingine. Watu waliokuwa wakimtazama waliita hali hiyo kukosa kujiamini. Jina hilo ni sahihi kwa kile walichokiona, ila halielezi kilianzia wapi.

Kuhusu mfumo, Chelsea ilikuwa timu iliyojengwa juu ya kifua cha Drogba. Mipira ilipigwa kwake, akaituliza akiwa na beki mgongoni, na Frank Lampard akaja mbio kutoka nyuma kuingia kwenye boksi. Nafasi ambayo Torres aliihitaji iwe tupu ilikuwa tayari imejaa watu. Zaidi ya hapo, timu nyingi zilizokuja Stamford Bridge zilirudi nyuma zote na kukaa karibu na kipa wao, kwa hiyo hapakuwa na uwanja wa kukimbilia hata kama miguu ingekuwa ile ya zamani. Katika miaka mitatu na nusu alifundishwa na makocha watano: Carlo Ancelotti, André Villas-Boas, Roberto Di Matteo, Benítez na José Mourinho. Hakuna aliyekaa muda wa kutosha kuibadili timu kwa ajili yake, na sioni ushahidi kwamba klabu iliwahi kuamua kufanya hivyo.

Ndiyo maana bao la Camp Nou, uwanja wa Barcelona, tarehe 24 Aprili 2012 lina uzito mkubwa katika uchambuzi huu. Ilikuwa nusu fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Chelsea ilikuwa na watu kumi tangu John Terry alipotolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na Torres aliingia dakika kumi za mwisho kuchukua nafasi ya Drogba. Barcelona ilihitaji bao moja na ilikuwa imepeleka kila mtu mbele. Katika dakika za majeruhi mpira uliondoshwa kutoka boksi la Chelsea bila kulengwa kwa yeyote, ukamkuta Torres akiwa peke yake karibu na mstari wa kati, mbele yake pakiwa na Víctor Valdés na nusu nzima ya uwanja. Alikimbia nao, akampita kipa na kuusukuma wavuni. Matokeo yakawa 2-2 na Chelsea ikafuzu kwa jumla ya mabao 3-2. Watangazaji waliliita muujiza. Kwa maoni yangu lilikuwa bao la kawaida kabisa la Torres, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alipewa uwanja ulio wazi na hakuwa na beki wa kushindana naye mbio.

Wiki chache baadaye Chelsea ilitwaa kombe hilo jijini Munich, ambako Torres aliingia kutoka benchi na kuipatia timu kona iliyozaa bao la kusawazisha la Drogba. Kwenye Kombe la Mataifa ya Ulaya la 2012 alipata Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, kwa mabao matatu, ingawa Del Bosque alikuwa mara nyingi akimwanzisha Cesc Fàbregas mbele, na kwa kufunga dhidi ya Italia katika ushindi wa 4-0 akawa mtu wa kwanza kufunga katika fainali mbili za michuano hiyo zinazofuatana. Msimu wa 2012/13, Drogba akiwa ameondoka, alifunga mabao 22 katika mashindano yote, likiwemo moja katika fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Benfica. Kati ya hayo, ya Ligi Kuu yalikuwa 8 tu katika michezo 36. Tofauti hiyo inasema jambo lile lile: kwenye mtoano wa Ulaya wapinzani walitoka kucheza, na kwenye ligi ya kila wiki walikaa nyuma.

Baada ya miezi michache AC Milan, ambako alifunga bao moja katika michezo kumi, alirudi Atlético Januari 2015, na watu wapatao 45,000 walijaa uwanja wa klabu hiyo, Vicente Calderón, kumpokea. Hapo ndipo kisa kinapopata jaribio lake la mwisho. Kocha Diego Simeone, aliyewahi kucheza naye katika klabu hiyo hiyo, alikuwa na timu iliyokaa nyuma na kushambulia kwa kushtukiza. Tarehe 15 Januari, kwenye mchezo wa Kombe la Mfalme pale Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, Torres alifunga dakika ya kwanza ya kipindi cha kwanza na dakika ya kwanza ya kipindi cha pili, na Real Madrid ikatolewa. Msimu wa 2015/16, akiwa na miaka 31 na kasi ikiwa imepungua zaidi, alifunga mabao 11 ya ligi. Hayo ni mengi kuliko aliyoyafunga katika msimu wowote wa ligi akiwa Chelsea, na aliyafunga bila kuwa na bei yoyote mgongoni na bila kutakiwa kuwa mtu wa mwaka 2008.

Aliondoka Atlético Mei 2018, siku chache baada ya kutwaa Ligi ya Europa jijini Lyon, akiwa na mabao 129 kwa klabu hiyo, mawili kati yake yakiwa ya mchezo wa mwisho dhidi ya Eibar. Alimalizia Japani katika klabu ya Sagan Tosu, na mchezo wake wa kuaga, Agosti 2019, ulikuwa dhidi ya Vissel Kobe ya Andrés Iniesta, mwenzake wa miaka ya ubingwa. Alipotangaza kustaafu alieleza kwamba alikuwa na kiwango chake mwenyewe ambacho mwili wake ulipaswa kukifikia, na kwamba hakuwa tena na uhakika wa kukifikia.